Kabla Hujaniletea Chuma Nichomelee

Wanangu wa Ipuli hapa Tabora, kifaa cha mazoezi huchaguliwa kwa namna utakavyokitua, si kwa namna utakavyokiinua. Neno hili naliweka mbele kwa sababu najua wengi wenu hamtafika mwisho wa maneno yangu. Mna haraka, na simu zenu zimejaa picha za vifua vya watu. Kuinua, kila mtu anakuwaza. Kijana akija karakanani na picha ya benchi au ya mashine yenye kamba na puli, ataniuliza itabeba kilo ngapi, na itakamilika lini. Sijamwona wa kuniuliza hili: babu, nikiishiwa nguvu nikiwa chini yake, nitatokaje?

Mimi ni mchomeleaji. Nimetengeneza mageti, madirisha, vitanda, matoroli ya kubebea maji, na miaka hii ya karibuni vyuma vya kupigia tizi. Ualimu wa michezo sikuusomea. Ninachokijua ni chuma, na nakijua hasa kile kinachorudi, maana kitu kikirudi kwa fundi kina habari nyingi kuliko siku kilipotoka. Hurudi benchi lililokunja mguu, na bomba lililokuwa likizunguka juu ya nguzo zake hadi mtu akaanguka. Hurudi pia kopo la zege lililochomoka kwenye fimbo, na mwenyewe amesimama kando, mkono kiunoni, akisema anataka tu liunganishwe upya.

Kufanyia mazoezi nyumbani nawaunga mkono. Si kila mtu ana ada ya jimu kila mwezi, na si kila binti anapenda kutazamwa na wanaume ishirini wakati anachuchumaa. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linawataka watu wazima wafanye mazoezi ya kukaza misuli angalau siku mbili kwa wiki, mbali na dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani. Wewe unayekwenda mjini na kurudi kwa baiskeli, hizo dakika za mwendo unazo tayari. Kilichobaki ni mzigo. Na habari ya mzigo, jamani, isije mtu akatufundisha sisi wa Tabora.

Babu zenu wa Unyamwezi walikuwa wapagazi. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 19 walikwenda kwa maelfu kila mwaka kutoka hapa hadi Bagamoyo, zaidi ya kilomita 800, mwendo wa miezi miwili au mitatu, wakashuka na pembe za ndovu na kupanda na vitambaa, shanga na waya wa shaba. Kijana ambaye hajaiona pwani alikuwa hajahesabiwa mtu mzima sawasawa. Njia hiyohiyo walipitishwa watumwa pia, ndiyo maana mwaka 2006 iliingizwa kwenye orodha ya awali ya UNESCO kama njia kuu ya kati ya biashara ya utumwa na pembe, kwa hiyo siisimulii kama ngano ya mashujaa watupu. Lakini mpagazi wa kuajiriwa alikuwa mtu wa hesabu. Alijadili ujira na posho, na mzigo aliupima. Kipimo kilikuwa frasila, ratili 35 hivi, karibu kilo 16. Mzigo wa mtu mmoja ulikuwa frasila mbili au pungufu kidogo, na juu yake akaongeza mkeka wake, chungu na silaha. Ukizidishiwa hapo unalalamika, na msafara haung'oki.

Sasa tazameni ajabu hii. Huko Urusi, wafanyabiashara wa nafaka walikuwa na mawe ya mizani ya chuma yenye mpini juu, nayo yalipimwa kwa pudi, na pudi moja ni kilo 16 na kidogo. Watu wa gulioni wakaanza kuyarusha na kuyainua kupimana nguvu, na kufikia mwisho wa karne ya 19 ukawa mchezo kamili. Vile vyuma vya mviringo mnavyoviona kwenye simu, vya mtu kubembeza katikati ya miguu, ndivyo hivyo. Hadi leo hutengenezwa vya kilo 16, 24 na 32, yaani pudi moja, moja na nusu, na mbili. Mrusi na Mnyamwezi hawakuwahi kuketi baraza moja, ila kipande cha mzigo ambacho mwili wa mtu mzima unakiweza bila kuvunjika wamekikata mahali palepale: kilo 16 za kuanzia, kilo 32 za aliyekwisha komaa.

Kwa hiyo kifaa chako cha kwanza ni frasila, na frasila haihitaji fundi. Chukua dumu la lita 10, jaza mchanga mkavu, litikise hadi ushuke, ongeza tena. Lita moja ya mchanga mkavu ina kilo moja na nusu na ushee, basi dumu lako litakaribia kilo 16. Dumu la lita 20 likijaa mchanga hukaribia 32, mzigo mzima wa mpagazi. Lipeleke kwa muuza nafaka yeyote mwenye mizani, umwombe akupimie, uandike kilo kwa rangi ubavuni. Usikisie. Mchanga uliotoka mtoni ukiwa na unyevu ni habari nyingine kabisa, na dumu lililoandikwa lita 20 mara nyingi hupokea zaidi ya 20.

Kwa anayeanza kabisa, hata mchanga ni mapema. Jaza maji. Lita moja ya maji ni kilo moja, hesabu ambayo mtoto wa darasa la tatu anaiweza, na hapo unapata kifaa ambacho matajiri hukinunua kwa fedha nyingi: mzigo unaoongezeka kilo moja kwa wakati. Anza na lita 8. Ukiona sasa unatembea nalo kuzunguka nyumba, mkono mmoja, mgongo umenyooka, bila kuegemea upande, ongeza lita. Maji hucheza ndani ya dumu, nayo ni faida, kwa sababu tumbo na kiuno vinalazimika kulishika. Ukichoka, unainama kwa magoti, unaliweka chini, limekaa. Hakuna linapokuangukia. Dumu hutulika kokote, saa yoyote, hata ukiwa peke yako usiku umeme umekatika.

Nina maonyo mawili tu juu ya dumu. La kwanza, dumu la mchanga si la kubembeza wala kurusha. Mpini wa plastiki ulitengenezwa kwa ajili ya mafuta ya kula, na siku utakapokatika kilo 32 zitakwenda kwa dirisha la mwenye nyumba. La pili ni zito zaidi. Mkoa wetu ni wa tumbaku, na tumbaku ina dawa zake. Madumu yaliyobeba viuatilifu huuzwa bei ya chini, wakati mwingine yamesuuzwa yakang'aa. Usilipeleke nyumbani. Usilijaze hata mchanga. Jasho, viganja vilivyochubuka, mtoto anayekuja kulichezea: dawa haihitaji mlango mkubwa kuliko huo.

Binti zangu, msidhani nasema na kaka zenu peke yao. Mwaka 1986 jarida la kisayansi la Nature lilitoa utafiti uliofanywa Kenya juu ya wanawake wa Kiluo wanaobeba kichwani na wa Kikuyu wanaobeba kwa ukanda wa kipaji. Walipimwa pumzi wakitembea, na ikaonekana kwamba mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wa mwili haukuwaongezea gharama yoyote ya nguvu. Wataalamu walishangaa, bibi zenu wasingeshangaa. Lakini someni vizuri: wanawake wale walianza wakiwa watoto, na uti wao wa shingo ulikua na mzigo. Wewe uliyekulia kwenye bomba la uani, ukijibandika ndoo ya lita 20 kichwani leo ili upate umbo, shingo itakushitaki. Beba mkononi, au likumbatie dumu kifuani uchuchumae nalo. Mifupa na misuli vinataka mzigo, ila havina sharti la kichwa.

Kuna jambo jingine la zama zile za wapagazi ambalo nalikumbuka kila nikiona kijana ameleta orodha ya vifaa kumi kwa mpigo. Machi 1872, msafiri Stanley alipoondoka Kwihara, hapo jirani yetu, alimwachia msafiri mwenzake Livingstone shehena ya kutosha miaka: vitambaa, shanga, waya, dawa, bunduki. Livingstone akabaki ndani ya tembe hadi Agosti, miezi mitano, bila kusogea. Alikuwa na kila kifaa. Alichokosa ni mabega, yaani wapagazi aliokuwa akingoja watumwe kutoka pwani. Ukitaka kwenda kuona mahali penyewe, pana makumbusho, na mwendo wenyewe ni mazoezi. Nawaambia vijana: nunueni kimoja, mkichoshe, kisha kingine. Orodha ya kumi nimeipokea mara nyingi na nimelipwa vizuri. Ninaongea dhidi ya mfuko wangu.

Baada ya dumu, kifaa cha pili ni bomba la kujivutia. Hapa ndipo karakana inaanza kuhusika. Bomba la maji la inchi moja, lenye kipenyo cha nje cha milimita 33 hivi, ndilo linalojaa mkono vizuri. Nondo ni imara kuliko bomba lakini matuta yake yatakuchuna viganja kabla misuli haijachoka. Urefu kati ya nguzo na nguzo usizidi mita moja na robo, la sivyo bomba litainama katikati na kubaki hivyo. Nguzo zizame ardhini sentimeta 60 au 70, zishindiliwe kwa zege. Ukitumia mti, tafuta moyo wa mninga, si ule weupe wa nje. Mchwa wa Ipuli hula ubao laini msimu mmoja, tena wanakula kutoka ndani, kwa hiyo nguzo itasimama mbele yako ikiwa na sura nzuri hadi siku utakapojining'iniza. Na bomba lichomelewe kwenye pleti mbili, zikazwe kwa bolti, lisizunguke.

Kimo chake? Hapa ndipo wanapokosea wengi. Wanataka juu kabisa, waruke walidake, kama kwenye video. Mimi hufunga mahali ambapo mtu akisimama wima na kunyoosha mikono, bomba linazidi ncha za vidole kwa shubiri moja tu. Ukishindwa katikati ya kujivuta, miguu ishuke kidogo iguse ardhi. Kwa asiyeweza kujivuta hata mara moja, na hao ni wengi kuliko wanavyokiri, weka tofali, panda, kisha jishushe polepole ukihesabu hadi tano. Kushuka taratibu hujenga mgongo sawa na kupanda, na ndiko kunakokufundisha kutua.

Wapangaji, ambao kwa hapa kwetu ni karibu vijana wote, wasichimbe shimo uani kwa watu bila ruhusa. Na msidanganywe na yale mabomba ya kubana kwenye fremu ya mlango. Katika nyumba zetu nyingi fremu imeshikwa na tofali za tope na misumari minne. Nimerudisha fremu tatu ukutani, na mwenye nyumba amesimama nyuma yangu hasemi kitu. Mpangaji atafute mpira wa tyubu. Ule unaofungia mizigo kwenye baiskeli, uliokatwa kutoka tyubu ya lori, ukiuzungusha kwenye nguzo ya nyumba unavuta, unasukuma, unanyanyua, na ukihama unautia mfukoni. Uukague tu kila siku kabla ya kuuvuta. Tyubu iliyopasukapasuka kwa jua hukatika ikiwa imenyooka kabisa, na ncha yake hukimbilia usoni.

Kamba ya kuruka inunuliwe na kila mtu. Ukiikanyaga katikati, vishikio vyake vifike kwapani. Ruka kwenye udongo, si kwenye sakafu ya saruji. Basi.

Sasa tuje kwenye chuma chenyewe, maana najua ndicho mlichokijia. Kijana wa kwetu akitaka chuma cha kuinua, wazo lake la kwanza ni makopo mawili ya rangi, saruji, kokoto na bomba katikati. Wazo si baya. Limewajenga wanaume wengi kuanzia Ujiji hadi Mombasa. Lakini lina makosa ambayo saruji ikishakauka hayarekebishiki, na hapo nitakaa kidogo.

Kopo la lita 4 likijaa zege huwa na kilo 9 au 10. Kasoro ni kwamba makopo mawili yaliyojazwa na mtu yuleyule, siku ileile, mara nyingi hayalingani, moja limepata kokoto nyingi, jingine limebaki na mapovu. Tofauti ya kilo moja na nusu, ikiwa mwisho wa fimbo, mbali na mkono wako, bega moja litaihisi kila siku hadi siku litakapokataa. Kwa hiyo pima kila kopo kabla zege haijashika, uongeze au upunguze. Pili, fimbo isipite patupu ndani ya zege. Niletee kwanza nikuchomelee vipande vya nondo vilivyovuka kama msalaba mahali patakapozama, la sivyo zege itaachia na kopo litaanza kuzunguka, kisha kuteleza. Tatu, subirini! Zege hufikia nguvu yake inayotarajiwa kwa siku 28, na siku saba za mwanzo inataka kumwagiwa maji. Mimi nawaona mnamimina Jumamosi, mnainua Jumatatu, mnaitupa chini Jumanne, na Jumatano mko mlangoni kwangu.

Na fimbo isiwe bomba. Bomba ni tupu ndani, likipinda limepinda. Chukua chuma kigumu cha mviringo cha milimita 25. Mita moja yake ina karibu kilo nne, basi fimbo ya mita 1.8 ina kilo saba. Fimbo za mashindano ya Olimpiki zina kilo 20 kwa wanaume na 15 kwa wanawake, lakini sisi hatuendi Olimpiki, tunarudi kazini kesho.

Ukishamaliza hayo yote, una chuma cha kilo 26 au 27 ambacho kitabaki hivyo milele. Hilo ndilo kosa kubwa la zege: haikui. Wiki ya kwanza ni nzito mno, mwezi wa sita ni nyepesi mno, na kijana anatengeneza nyingine kubwa ya ndoo ya lita 20, kila upande kilo 45 na ushee. Kutoka 27 hadi karibu 100 kwa hatua moja! Mpagazi angekucheka.

Ndiyo maana, ukiwa na fedha ya kitu kimoja cha chuma, nashauri pleti za kukata. Pleti nene ya milimita 20 ikikatwa duara la kipenyo cha sentimeta 30 ina kilo 11. Ya sentimeta 20 haifiki nusu ya hapo, ni kilo tano tu. Ya sentimeta 10 ni kilo moja na robo. Vijana hushangaa, wanadhani kipenyo kikipungua theluthi uzito nao umepungua theluthi. Anza na ndogo. Jozi mbili za kilo moja na robo na jozi mbili za kilo tano, juu ya fimbo ya kilo saba, zinakupeleka kutoka kilo 7 hadi 32 kwa ngazi ndogondogo, na hutahitaji kitu kingine mwaka mzima. Zile kubwa zitakuja zenyewe, mwili ukizidai. Siku ukichoka na mazoezi, pleti zina mnunuzi, lakini zege utaibeba mwenyewe kwenda kuitupa.

Msiniletee, nawaomba sana, kipande cha reli. Reli ya kati ilifika Tabora mwaka 1912 na ndiyo iliyowapumzisha babu zenu mizigo. Leo kuna mtu anayefungua vyuma vyake usiku na kuviuza kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Kipande cha reli ni kizito, ni kizuri, kina mgongo wa kushika. Nakijua nikikiona, hata kikiwa kimepakwa rangi, na sikiwekei moto. Treni ina watu ndani. Vivyo hivyo mifuniko ya mitaro. Nunua chuma dukani, au chakavu ya gari kwa mtu unayemjua. Gia kuukuu na diski za breki zina tundu katikati tayari na ni mizigo mizuri sana ukizisafisha grisi. Na bomba lenye zinki, lile jeupe linalong'aa, niambie mapema: likichomelewa hutoa moshi unaomletea fundi homa ya jioni, kwa hiyo nalikwangua kwanza, na kazi hiyo ina malipo yake.

Benchi ndilo kila mtu analitaka kwanza, na mimi ningelifanya mwisho. Kifaa kinachomlaza mtu chali na kumwekea chuma juu ya shingo ndicho kigumu kuliko vyote kutua. Kwenye jimu kuna mwenzako nyuma yako. Nyumbani, saa kumi na moja alfajiri, yuko nani? Jogoo. Nchi nyingi watu wamekufa hivyo, wakiwa peke yao, chini ya uzito ambao juzi tu waliuweza. Basi ukitaka benchi kwangu, sikupi bila nguzo mbili za usalama pembeni, zenye kimo kinachozidi kidogo kifua chako ukiwa umelala, ili fimbo ikishuka iishie pale. Ukikataa kuzilipia nenda kwa mwingine, mafundi Tabora ni wengi. Ukiwa huna nguzo hizo, usikaze vizuizi vya mwisho wa fimbo, ili ukinasa uinamishe upande mmoja pleti zimwagike. Kelele itaamsha mtaa, lakini utaamka na wewe. Ila kwa mtu wa peke yake pushapu zinatosha kwa muda mrefu kuliko anavyodhani: miguu juu ya tofali, kisha begi la mgongoni lenye mchanga kilo tano, kisha kumi. Ukishindwa, unalala kifudifudi.

Mashine za kukimbilia ndani ya nyumba sizielewi kwa mji wenye barabara tambarare na miembe ya kivuli. Zinataka umeme usiyumbe, na vumbi letu jekundu linaingia chini ya mkanda wake. Zikifa huletwa kwangu kwa sababu zina fremu ya chuma, nami natazama saketi, saketi inanitazama. Kimbieni nje, kabla ya jua. Misafara ya zamani iliondoka alfajiri na kupiga kambi kabla jua halijawa kali, na watu wale hawakuwa wavivu.

Juu ya poda na sindano za kukuza misuli sina maneno mengi. Kitu ambacho muuzaji wake hataki kutaja kilichomo ndani, na anakutajia bei kwa kunong'ona, usikitie mwilini. Kula maharage, karanga, dagaa wa Kigoma, mayai ukipata. Na kabla ya chuma chochote, pita zahanati upimwe presha, hasa nyinyi mliovuka arobaini mnaoiga vijana. Kubana pumzi ukiinua mzigo hupandisha presha ghafla, na mwenye presha ya juu asiyejijua ndiye wa kwanza kuanguka. Toa pumzi unapoinua.

Limebaki jambo moja la kutua, nalo hutokea baada ya mazoezi, wewe ukiwa umekwenda kuoga. Fimbo yenye makopo ya zege ikiegemezwa ukutani ni mtego wa mtoto. Mtoto wa miaka mitatu huvuta chochote kinachoegemea. Laza fimbo chini, pleti uzilaze chini ya kitanda au uzipitishie mnyororo na kufuli, bomba la kujivutia usiliachie kamba inayoning'inia. Mvua zikianza Novemba, futa chuma kwa kitambaa chenye mafuta kuukuu ya injini, kutu itakaa mbali hadi Aprili. Na kizibo cha dumu la mchanga ukikaze sana. Kuku wa jirani wanapenda mchanga mkavu wa kuogea. Wakiuangusha na kuupunguza kilo mbili bila wewe kujua, kesho utanyanyua na kudhani umeongeza nguvu.